Kwa wanaotaka kusoma sheria Marekani na digrii mliipata nyumbani: anzeni na transkripti, LSAT itawasubiri

Mkalimani wa Columbus (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Tangu nitaje kwenye uzi mwingine kwamba nimepata nafasi ya kusoma sheria hapa Ohio, PM hazikauki, na karibu zote zinauliza LSAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya sheria, isomwe kwa kitabu gani. Swali zuri, ila si la kwanza. LSAT iko mikononi mwako: ukiamua kuamka saa kumi alfajiri usome kabla ya shifti, unaamka. Kinachowakwamisha watu wetu ni karatasi zilizo mikononi mwa wengine, na inayoongoza ni transkripti ya digrii uliyoipata nyumbani. Naweka kila kitu hapa ili nisirudie inbox.

Kwa wageni wa mambo haya: Marekani huingii sheria ukitoka fomu siksi. Unamaliza kwanza digrii yoyote, ualimu, uuguzi, kilimo, halafu unaomba JD, yaani digrii ya sheria ya huku, miaka 3 kwa wanaosoma kutwa. Mimi nilisoma ualimu, Kiswahili na Historia, na hakuna chuo kilichoniuliza kwa nini. Maombi karibu yote yanapitia LSAC, taasisi yenye makao Newtown, Pennsylvania. Hao ndio wenye mtihani wa LSAT, na ndio wanaokusanya transkripti na barua zako za mapendekezo, kisha kila chuo unachoomba kinatumiwa furushi lilelile. Huduma hiyo inaitwa CAS, unailipia zaidi ya dola 200, na kila chuo unachoongeza kina ada yake. LSAT inalipiwa kivyake, nayo imevuka dola 200. Kama una uraia au grini kadi na kipato ni kidogo, omba LSAC wakusamehe ada kabla hujatoa hata senti. Vyuo navyo vinasamehe ada zao za maombi ukiwaandikia kwa adabu. Wengi hawaombi tu.

Sasa transkripti. LSAC hawaipokei kutoka kwako, hata iwe na mhuri wa wakili. Chuo chako lazima kiwatumie moja kwa moja, pamoja na fomu unayoichapa kwenye akaunti yako. Anayezijua ofisi za wasajili kwetu ameshaanza kucheka. Barua pepe haijibiwi, simu ikipokelewa mhusika yuko kikaoni. Kilichonisaidia ni kumtuma mtu dirishani: mdogo wangu alikwenda na fomu, risiti ya malipo na barua yangu ya kumruhusu, akasimama pale mpaka bahasha ikafungwa, ikapigwa mhuri kwenye mkunjo na kukabidhiwa watu wa vifurushi. Kabla hujamtuma, hakikisha hudaiwi. Kitabu cha maktaba ulichosahau mwaka wa pili kinaweza kuzuia transkripti yako leo.

Majina nayo yanasumbua kuliko mnavyodhani. Cheti cha fomu foo kina majina matatu, transkripti imeruka la katikati, pasipoti ina herufi moja ya ziada, na grini kadi imefuata pasipoti. Akaunti ya LSAC ifungue kwa jina lililo kwenye kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani. Mle ndani kuna sehemu ya kuandika majina mengine yaliyotumika kwenye vyeti, ijaze yote. Usipoijaza, bahasha inafika Newtown na hakuna anayejua ni ya nani.

Na ukumbuke kila chuo ulichopita. Hata kama ulichukua kozi mbili tu za Kiingereza komyuniti koleji ulipofika, transkripti yake inatakiwa.

Barua za mapendekezo: vyuo vingi vinataka mbili, na wanapenda angalau moja itoke kwa mtu aliyekufundisha. LSAC wanamtumia mhadhiri kiungo kwa barua pepe, anapakia mwenyewe. Kwetu kuna ile desturi ya mhadhiri kukuambia "andika wewe, mimi nitasaini". Msikubali, wakuu. Kwanza huku ni udanganyifu. Pili, barua uliyojiandikia inajulikana, inakusifu kama tangazo la redio. Mimi nilimwandikia mhadhiri wangu ukurasa mmoja wa kumkumbusha: nilisoma kozi gani kwake, tasnifu yangu ilihusu nini, tulibishana juu ya nini. Akaandika mwenyewe, kwa lugha yake, tena akakumbuka vitu nilivyokuwa nimevisahau. Kama mhadhiri wako amestaafu na hana mazoea ya viungo, mtafutie kijana wa kumsaidia, na mpe muda. Kumkumbusha mzee kila baada ya siku mbili ni kukosa adabu.

LSAT yenyewe: alama ni kuanzia 120 hadi 180. Tangu Agosti 2024 wameondoa yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti, kwa hiyo vitabu vya zamani mnavyouziana kwenye makundi ya WhatsApp nusu yake ni vya kufungia maandazi. Zimebaki sehemu mbili za hoja na moja ya ufahamu, kila moja dakika 35, na ya nne isiyohesabiwa ambayo hutaijua ni ipi. Jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama, basi usiache swali wazi. Kuna insha ya hoja pia, unaifanya siku yako kwa kompyuta. Haina alama, ila vyuo vinaisoma, na bila hiyo matokeo yako ya kwanza hayatolewi. Mazoezi rasmi yapo LawHub, tovuti ya LSAC, mengine bure. Unaruhusiwa kuufanya mara 5 ndani ya kipindi cha miaka 5, na mara 7 maisha yako yote, na vyuo vinaona alama zako zote za kipindi hicho.

Ugumu kwa sisi tuliosoma kwa Kiingereza cha darasani ni kasi. Msamiati tunao. Kilichoniongezea alama ni kusoma hukumu na makala ndefu za sayansi kila siku bila kamusi, huku saa inahesabu.

Nimechoka, shifti saa moja. Ulizeni, nitajibu nikirudi.


Samaki wa Feri

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, mimi nilitoka na GPA ya 3.1 kwenye mfumo wetu wa 5. Nikiona vyuo vya huku vinataka 3.7 kwenye 4 nakata tamaa. Wanaigeuzaje?


Mkalimani wa Columbus

Hawaigeuzi. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Digrii ya nje ya Marekani na Kanada LSAC hawaipi GPA. Wanaitathmini na kuipa daraja la maneno: ya juu kabisa, juu ya wastani, wastani, na kushuka. Chuo kinaona daraja hilo pamoja na transkripti yako yenyewe.

Matokeo yake ni mawili. Zuri: ile GPA ya kati ambayo vyuo vinailinda kwa ajili ya kujipanga kwenye orodha za ubora, wewe huiharibu, kwa sababu huhesabiwi humo. Baya: kitu pekee chenye namba kwenye faili lako ni LSAT, kwa hiyo inabeba mzigo wa vyote viwili. Mtu wa digrii ya huku mwenye 3.9 na LSAT ya kawaida anapita. Wewe ukiwa na LSAT ya kawaida, hawana namba nyingine ya kukutetea.

Kwa 3.1 yako, andika karatasi fupi ya nyongeza, aya mbili tu, ueleze kwamba alama za juu kwenye mfumo wetu zinatolewa kwa mkono wa birika. Kama chuo kilitoa nafasi yako darasani, iweke. Ukweli tu, usilie.


Mama Wawili Minnesota

Kaka asante kwa madini. Mimi ni nesi, niko kwenye insha. Nimeanza hivi, kwa Kiingereza lakini naweka maana yake: "Nilizaliwa familia maskini ya watoto wanane mkoani Kigoma, na nilitembea kilomita nyingi kwenda shule bila viatu." Mnaionaje? Msinionee huruma, semeni.


Wakili wa Bronx

Dada, umesema tusikuonee huruma, na insha yako ndiyo inayoomba huruma. Nimekaa kwenye kamati ya wahitimu waliokuwa wakisaidia kusoma maombi chuoni kwangu. Viatu vya Afrika tumevisoma sana. Sisemi si kweli, mimi mwenyewe nimetembea. Nasema mtu wa huku akishasoma sentensi hiyo anajua zile kurasa mbili zilizobaki zitakwendaje.

Wewe ni nesi. Umeona mgonjwa asiyejua Kiingereza akipewa fomu ya ridhaa ya upasuaji aisaini? Umewahi kuwa kwenye wodi ambayo bima imekataa dawa? Hapo pana sheria tele. Andika kuhusu kazi uliyoifanya kwa mikono yako, na Kigoma itaingia yenyewe ikihitajika.


Mama Wawili Minnesota

Umenichoma lakini umenena. Fomu za ridhaa nimeziona mpaka nimechoka. Nafuta naanza upya.


Mkalimani wa Columbus

Naongezea kwa dada. Mimi nakalimani mahakamani, wateja wengi ni ndugu zetu wa Kongo waliokuja kama wakimbizi. Kanuni ya mkalimani ni kusema kilichosemwa, basi. Mtu anakuuliza kwa macho "nikubali au nikatae?" na wewe huruhusiwi kumjibu hata kwa kukohoa. Insha yangu ilikuwa juu ya kiti hicho: nimekaa katikati ya kila neno na sina haki ya kutoa neno langu. Sikutaja kesi ya mtu, maana siri za watu si mali yangu, na kamati ingeniona sifai uwakili nikizimwaga. Kurasa mbili, mistari yenye nafasi. Niliisoma kwa sauti mpaka mke wangu akaanza kuikariri.

Kuhusu asili yenu: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2023 dhidi ya Harvard, vyuo haviruhusiwi kukupa nafasi kwa sababu ya rangi. Ila hukumu ile haikukataza mwombaji kueleza jinsi asili yake ilivyomjenga. Vyuo vingi vimeweka insha ya pili ya hiari kwa ajili hiyo. Msiiache wazi, na msirudie humo mliyosema kwenye ya kwanza.


Bi Hati

Nawasalimu. Mimi nina LLB ya Dar na ni wakili nyumbani, nimekuja kumfuata mume. Nimeambiwa lazima nianze JD upya, miaka mitatu. Umri umesogea jamani. Hakuna njia fupi?


Wakili wa Bronx

Ipo, na nasikitika watu wanaambiwa vinginevyo. Soma kanuni ya 520.6 ya New York. Aliyesoma sheria nchi inayofuata mfumo wa sheria wa Waingereza (common law), nasi Watanzania, Wakenya na Waganda tumo, anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani wa uwakili wa New York moja kwa moja, bila JD na bila hata LLM (uzamili wa sheria), mradi masomo yake yalikuwa ya darasani na muda wake unalingana na wa huku. Unapeleka vyeti kwa bodi ya watahini ya New York, wanavikagua, wanakujibu. Na hapo pia transkripti lazima itumwe na chuo moja kwa moja, kwa hiyo ushauri wa mwanzisha uzi unakuhusu.

Bodi ikiona una upungufu upande mmoja, unajaza kwa LLM ya mwaka mmoja yenye angalau krediti 24 na masomo wanayoyataja. LLM haidai LSAT. Wakuu wengine wanafanya LLM hata kama hawalazimiki, kwa ajili ya kupata watu wa kuwajua. Hilo ni suala la mfuko wako. Ila kumbuka leseni ya New York haikupi ruhusa Texas. Uliza jimbo unaloishi kabla hujalipa chochote.


Mtu wa Uvira

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani, niko Louisville. Nilisoma sheria Bukavu, miaka mitano, kwa Kifaransa. Hiyo njia ya New York inanihusu?


Wakili wa Bronx

Karibu ndugu. Kwenu mnafuata mfumo wa Wabelgiji, kwa hiyo kwa New York unakuwa na muda lakini huna mfumo. Huyo ndiye mtu ambaye LLM ya krediti 24 imetengenezwa kwa ajili yake. Burundi ni hivyohivyo. Vyeti vya Kifaransa vitafsiriwe Kiingereza na mfasiri anayekubalika, na asili iambatane na tafsiri. Kama chuo hakifikiki kwa sababu ya vita, waandikie mapema ueleze, uweke kila ushahidi ulionao. Usingoje waulize.


Mzee wa Tandale

Nyie vijana mnadanganyana. Deni la dola laki mbili ili ukatetee watu wa tiketi za barabarani? Rudini nyumbani, Law School ya Tanzania ipo pale Mawasiliano, Dar, mwaka mmoja unaapishwa.


Samaki wa Feri

Shikamoo mzee. Law School ileile ambayo mwaka 2022 kati ya wanafunzi 633 walifaulu 26 tu kwa mkupuo? Hadi waziri wa sheria akaunda kamati ya Mwakyembe kuchunguza?


Mzee wa Tandale

Marahaba. Hao hawakusoma.


Mkalimani wa Columbus

Mzee hoja ya deni ni ya kweli, tusiikwepe. Tena imezidi uzito. Kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025, ule mkopo wa serikali uliokuwa unafunika gharama yote umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Mwanafunzi wa sheria sasa anakopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka, na jumla 200,000. Inayozidi ni mkopo wa benki, unaotaka mdhamini mwenye jina zuri. Mwenye grini kadi, mkimbizi au aliyepewa hifadhi anastahili mkopo wa serikali. Aliye na viza ya mwanafunzi, F-1, hastahili kabisa, na kabla ya kupewa I-20, fomu ya chuo ya kuombea viza hiyo, lazima aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza.

Ndiyo maana narudi kwenye LSAT. Misaada mingi ya vyuo inafuata alama hiyo. Kila chuo kilichoidhinishwa na ABA, chama cha mawakili wa Marekani, lazima kichapishe ripoti inayoitwa 509, inatoka kila Desemba: alama za kati za LSAT, wangapi wamepewa msaada na kiasi gani, na wangapi walinyang'anywa msaada baada ya mwaka wa kwanza. Hicho kipengele cha mwisho wanaotafuta jina la chuo hawakisomi. Kuna vyuo vinakupa nusu ya ada kwa sharti la kubaki juu darasani, na kwa jinsi wanavyogawa alama wanajua kabisa si wote mtakaobaki. Mimi nilikataa chuo chenye jina nikaenda kisicho na sharti.

Na mkipata barua mbili za kukubaliwa, bei inazungumzika kama kitenge cha Kariakoo. Unaandika: nashukuru, chuo kingine cha ngazi yenu kimenipa kiasi hiki, je, mnaweza kutazama upya? Unaambatisha barua. Niliona aibu kuandika, nikaandika, wakaongeza. Usidanganye tu, vyuo vinataka kuona karatasi.


Dogo Janja wa Houston

Bro mimi swali langu nyeti kidogo. Miaka ya nyuma niliendesha bila leseni, nikakamatwa, kesi ikafutwa. Wakili aliniambia imeshasafishwa kwenye rekodi. Kwenye fomu niseme?


Wakili wa Bronx

Mdogo wangu, soma swali la kila chuo neno kwa neno, maana hayafanani. Kimoja kinauliza kuhukumiwa, kingine kushtakiwa, kingine kukamatwa kwa aina yoyote hata kama kesi ilifutwa au kufichwa. Faini ndogo za barabarani wengine wanazitoa, wengine la. Ukiulizwa, sema. Andika tarehe, mahali, kilichotokea, kilivyoisha. Mistari mitano, bila kumlaumu polisi.

Sababu ni hii: ukimaliza chuo, bodi ya mawakili ya jimbo inakuchunguza tabia, na majimbo mengi yanachukua fomu uliyojaza ukiomba chuo na kuilinganisha na uliyowajazia wao. Kuendesha bila leseni hakumnyimi mtu uwakili. Fomu mbili zinazogombana zinaweza. Na kama hali yako ya uhamiaji haijatulia, ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujaandika chochote mahali popote, humu jukwaani ukiwemo. Futa hiyo posti.


Dogo Janja wa Houston

Nimeelewa bro. Naomba modi aifute.


Mama Wawili Minnesota

Nimerudi. Insha imekaa sawa, nimeanza na fomu ya ridhaa. Sasa niambieni: LSAT naifanya Januari, transkripti bado iko nyumbani. Vyuo viwili mwisho wao ni Machi. Nitume mwaka huu au nisubiri?


Mkalimani wa Columbus

Subiri, dada. Milango inafunguliwa kuanzia Septemba, na wanatoa nafasi kadiri maombi yanavyoingia. Ukituma Machi unagombea viti vilivyobaki, na fedha za misaada nyingi zimeshagawiwa. Halafu faili halisomwi mpaka liwe kamili: transkripti ifike, itathminiwe, barua ziwepo. Tathmini yenyewe inachukua wiki kadhaa baada ya bahasha kufika, na yako haijatoka hata Kigoma.

Fanya Januari kama ulivyopanga. Alama ikikupendeza, sawa. Isipokupendeza, una miezi ya kurudia. Transkripti ishughulikie wiki hii. Wahadhiri waandikie kabla hawajaingia kusahihisha mitihani. Septemba ikifika, unabonyeza kutuma wiki ya kwanza.

Isipokuwa chuo kiwe cha jioni mtaani kwako na ada unaimudu mwenyewe. Hapo piga simu ofisi ya udahili uwaulize wamebakiza nafasi ngapi. Wanajibu vizuri tu.


Mama Wawili Minnesota

Cha jioni kipo, tena ni cha miaka minne. Napiga Jumatatu.


Bi Hati

Wakili wa Bronx, nimefungua ukurasa wa bodi ya New York. Wanataka na cheti cha kuapishwa uwakili au transkripti inatosha?


Wakili wa Bronx

Kama unaomba kwa njia ya digrii peke yake, wanachotaka kuthibitisha ni masomo. Ila kama umeapishwa, omba uthibitisho wa Mahakama Kuu nyumbani utumwe pamoja, wanakagua na sifa ya digrii yako kukuruhusu kuapishwa kwenu. Tuma yote kwa wakati mmoja, na uanze karibu mwaka mzima kabla ya mtihani unaoutaka.